Bakuli Halikwenda

Jioni Dufie alipoacha kumpelekea mumewe chakula, nusu ya Juaben ilijua kabla moshi wa majiko haujatulia. Mji ule hauna siri ya namna hiyo. Mwanamke akipita na bakuli kichwani saa za jioni, wanaoketi barazani humwona bila kumtazama. Asipopita, pengo lake huonekana kama jino la mbele lililong'oka.

Jioni ya pili bakuli halikwenda tena. Hapo hata waliokuwa wanajifanya hawajui wakaanza kuulizana.

Kwao Dufie, jioni ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Mchana nyumba ilibaki na kuku tu. Mama yake, Mama Birago, alikuwa sokoni na vitunguu vyake tangu alfajiri. Mdogo wake, Yiadom, alishinda kituo cha malori akipakia magunia. Dufie mwenyewe alikuwa kwenye cherehani mpaka macho yanamchonyota. Lakini jua likianza kushuka, wote watatu walirudi, na kila mmoja alijua kazi yake. Mama alikaa na chungu cha mchuzi wa mawese. Yiadom alishika mchi. Dufie aliketi kwenye kigoda kando ya kinu, akiligeuza fufu, ule ugali wa mhogo wa kutwanga, mkono wake ukiingia na kutoka kati ya pigo moja na jingine. Yiadom alipenda kusimulia vituko vya wapagazi huku anatwanga, na mama alipenda kumkemea kwamba siku moja atamponda dada yake vidole kwa sababu ya umbea. Hakuwahi kumponda. Halafu walikula pamoja, wamechoka, wanacheka, bakuli katikati, na Dufie alikuwa anacheka nao huku moyo wake uko ng'ambo ya soko.

Ng'ambo ya soko ndiko alikokuwa mumewe, Oduro, fundi seremala. Alikaa kwa mama yake, kama Dufie alivyokaa kwa mama yake. Ndivyo walivyooana watu wengi wa pale. Mke alipika kwao, akabeba bakuli akalipeleka kwa mumewe kabla ya giza, akarudi kula na watu wake. Usiku ukishaingia, alioga, akajitanda kitambaa, akaenda kulala kwa mumewe mpaka jogoo wa kwanza. Mama zao waliolewa hivyo, na bibi zao pia, na kama alivyopenda kusema Mama Birago, hakuna aliyekufa.

Ni kweli, hakuna aliyekufa. Lakini Dufie alimjua mumewe gizani tu. Alijua kikohozi chake, alijua joto la mgongo wake, alijua ile harufu ya mbao mbichi iliyokataa kutoka hata kwa sabuni. Alichokuwa hajui ni mambo ya mchana. Mwaka wa pili huo anampikia, na hakuwahi kumwona akila. Hakujua kama mtu huyu hulipuliza tonge kabla ya kulimeza. Hakujua kama hufumba macho pilipili ikimkolea, kama huanza na samaki au humweka mwisho. Wajomba zake Oduro walijua. Hata jirani aliyepita kuomba moto alijua. Yeye aliyepika hakujua. Kuna siku alilionea wivu bakuli lake mwenyewe.

Kilichokuwa kinampoza ni kitu kidogo. Kila bakuli liliporudi, chini ya kifuniko Oduro alikuwa amemwachia kipande kizuri kuliko vyote, konokono mnene au mgongo wa samaki wa moshi. Hakutuma salamu wala neno. Dufie alikuwa anakila kile kipande mwisho kabisa, taratibu, uso ameugeuzia ukutani ili mama asimwone. Kisha, tangu mvua zilipoanza, bakuli likaanza kurudi tupu. Tupu kabisa, limerambwa.

Asingeweza kumuuliza mtu mzima, mbona huniachii nyama. Hilo ni swali la mtoto. Kwa hiyo usiku mmoja, wamelala, mvua inapiga bati, aliuliza jambo kubwa zaidi.

"Njoo kesho ule kwetu," alimwambia. "Siku moja tu. Nikuone."

Oduro alivuta shuka mpaka kidevuni.

"Nikae mbele ya mama mkwe nimeze fufu?" alisema mwishowe. "Watasema umenilisha limbwata."

"Na wakisema?"

"Mama atasema nini, Dufie?"

"Nimekuuliza wewe. Sijamuuliza mama yako."

Oduro akageukia ukutani. Dufie akakaa macho akimsikiliza anavyopumua, na kabla ya jogoo alikuwa amekata shauri. Asipopelekewa, atakuja mwenyewe. Njaa ina miguu, alijiambia.

Nasema wazi, lilikuwa wazo la mtu aliyechoka. Hakuna asiyejua Juaben kwamba mke akizuia bakuli, maana yake ni moja tu, na maana hiyo si kumkaribisha nyumbani. Maana yake ni nimekukataa. Dufie alilijua hilo kama alivyolijua jina lake. Lakini mtu akitamani sana jambo, hudhani ulimwengu wote utasoma moyo wake.

Jioni ile ya kwanza aliketi akisikiliza mlango. Hakwenda kwa Oduro hata usiku, maana alitaka mume ndiye aje. Oduro hakuja. Jioni ya pili alipika tena, akamtwangia tena, akatenga fungu lake, na akakaa.

Mama Birago alikuwa amevumilia jana yote. Leo alishindwa.

"Fungu hilo ni la nani?" aliuliza.

"La Oduro."

"Basi lipeleke."

"Atakuja kulila hapa."

Mama alimtazama kama mtu anayetazama vitunguu vilivyoanza kuoza katikati ya gunia. Akamwambia kwamba yeye mwenyewe alipeleka bakuli kwa baba yake Dufie mpaka siku baba alipofariki, mvua au jua, wamenuniana au wamepatana. Kuna siku alilipeleka amevimba uso kwa hasira, akalitua, akaondoka bila kusalimia mtu. Lakini alilipeleka. Mwanamke anaweza kumtukana mumewe asubuhi na ndoa ikaendelea. Chakula cha jioni kikikosekana, wajomba huitwa.

"Mimi sijamkataa, mama," Dufie alisema. "Namtaka. Namtaka hapo ulipokaa wewe, nimwone."

"Ili iweje?"

Dufie akalifunika fungu la Oduro. Yiadom, ambaye alikuwa ameanza kula, alisema shemeji akija basi na asaidie kutwanga, maana mabega yake yeye yamekwisha. Hakuna aliyecheka.

Ndipo Pokuaa akaingia uani.

Pokuaa alikuwa dada yake Oduro, mwanamke mwembamba mwenye ulimi mrefu. Kichwani alikuwa na beseni kubwa, na ndani ya beseni vyombo vyote vya Dufie vilivyokuwa kwa mumewe, mabakuli ya udongo, vifuniko, sufuria ndogo ya mchuzi, mpaka mwiko. Vimeoshwa vikang'aa. Nyuma ya ukuta majirani wawili walikuwa tayari wamenyamaza.

"Mama kasema vyombo vyako hivi," Pokuaa alisema. "Visije vikavunjikia kwetu, ukatudai."

Mama Birago aliweka mkono kifuani. Yiadom akaacha kula. Vyombo vya mke vikirudi kwao vimeoshwa, na vikawekwa chini ndani ya ua wa mama yake, hakuna tena la kuzungumza isipokuwa wajomba kuketi na kumimina kinywaji cha kuachana. Dufie aliliona lile beseni, akainuka kwenye kigoda. Hakuwa ametaka hili. Alikuwa ametaka mtu mmoja, aje, akae, ale.

"Nitue basi," Pokuaa alisema. "Shingo inaniuma."

Beseni lile halikuwa la kutuliwa na mtu mmoja. Lazima mwingine alishike upande wa pili, la sivyo mabakuli yote yangemwagika. Yiadom alisimama kwa mazoea yake ya kupokea mizigo. Dufie akamwambia akae.

"Sikutui," alisema.

"Nini?"

"Sikutui, wifi. Na hapa hakuna atakayekutua."

Pokuaa akamgeukia Mama Birago. Mama Birago, ambaye kwa siku mbili alikuwa amemgombeza binti yake, alichukua kijiko akaanza kukoroga mchuzi ambao haukuwa na haja ya kukorogwa. Pokuaa akasimama pale katikati ya ua, mikono juu, amelishika beseni, jasho likimshuka shingoni, akisema mambo ambayo sitayaandika kuhusu ukoo wa watu wasiojua kupokea mzigo.

Dufie alimsogelea, akachukua bakuli moja, lile kubwa la juu kabisa, na kifuniko chake. Akaweka ndani fungu la fufu alilolitenga, akamimina mchuzi, akapanga samaki na konokono juu, akafunika. Mafuta ya mawese yalimdondokea mguuni, hakuyafuta. Akaviringisha kitambaa, akakiweka kichwani, akalipandisha bakuli.

"Tangulia," alimwambia Pokuaa. "Tunakwenda wote."

Mama Birago alimfuata mpaka mlangoni. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba kama anakwenda kuomba radhi, aombe vizuri, na kama anakwenda kugombana, asimwage mchuzi.

Watu wa Juaben waliona jambo ambalo hawakuwahi kuliona. Pokuaa mbele na beseni la vyombo vitupu, Dufie nyuma na bakuli lililojaa, wote wawili shingo zimenyooka, hawasemezani. Wanawake waliokuwa wanamenya karanga mbele ya duka waliacha kumenya.

"Dufie, mnahama au mnahamia?" mmoja aliuliza.

"Nampelekea mume wangu chakula," Dufie alijibu, na hakupunguza mwendo.

Alijibu kwa ujasiri, lakini ndani alikuwa anakufa. Kila hatua alijiuliza swali lile lile. Je, Oduro mwenyewe alijua beseni linakuja? Kama mama yake ndiye aliyelituma peke yake, lilikuwa jambo moja. Kama Oduro aliketi akaangalia vyombo vinaoshwa, kimoja kimoja, akanyamaza, basi Dufie alikuwa anapeleka chakula kwa mtu ambaye si wake tena.

Walipoingia uani kwa kina Oduro, jua lilikuwa bado limeng'ang'ania juu ya mapaa. Na hapo Dufie alimwona.

Aliketi kwenye kigoda karibu na mlango wa chumba chake. Maranda ya mbao yalikuwa yamemnasa kwenye nywele. Mbele yake palikuwa na sahani ya viazi vikuu vya kuchemsha, na havikuwa vimeguswa. Mikono yake ilining'inia katikati ya magoti kama ya mtu aliyesahau ina kazi gani. Bakuli likiletwa siku zote yeye huwa bado karakana, na Dufie hakuwa amemwona kwenye mwanga wa saa ile tangu siku ya harusi. Aliona kwamba amekonda. Aliona kovu jipya kwenye kidole gumba, ambalo mkono wake ulikuwa umeligusa gizani bila kujua ni nini. Oduro akainua uso, akaliona beseni kwanza, kisha akamwona aliyekuwa nyuma ya beseni. Akasimama haraka hata kigoda kikaanguka.

"Pokuaa," alisema. "Vyombo hivyo umevitoa wapi?"

Dufie akashusha pumzi. Kumbe hakujua.

"Muulize mama," Pokuaa alisema. "Na mtu anitue, nakufa. Huyu mwanamke amekataa kunitua."

Mjomba Nyarko ndiye aliyeinuka. Alikuwa kaka yake mama yake Oduro, mzee mwenye tumbo na sauti ya kuamua kesi, na kila jioni alikula bakuli moja na Oduro, chakula cha Dufie. Siku mbili hizi alikuwa amekula viazi vikuu na alikuwa anaonekana kama mtu aliyefiwa. Alimtua Pokuaa beseni, akaliweka kando ya ukuta wa nyumba yao, na macho yake yakaenda kwenye bakuli lililokuwa kichwani kwa Dufie.

"Mpeni mgeni maji," alisema. "Hata mwenye kesi hunywa maji kwanza."

Dufie alilitua bakuli juu ya kinu kilichopinduliwa, akapewa maji, akanywa. Mjomba akamuuliza kwa utaratibu, kama inavyopasa, amefika kwa heri?

"Nimefika kwa heri, mjomba," Dufie alisema. "Nimeleta chakula cha mume wangu. Na nimekuja kula naye."

Aliyejibu ni Bi Konadu, mama yake Oduro, aliyekuwa ameketi jikoni amewapa mgongo. Hakugeuka.

"Kula naye? Wewe ni mjomba wake?"

"Mimi ni mkewe, mama."

"Mke hupika. Na wewe hata hilo limekushinda, siku ya pili leo."

Dufie alipiga goti. Alisema kwamba kwa hilo amekosa, na hana la kujitetea. Alidhani mumewe akikosa chakula atakuja kumuuliza sababu, na sababu ndiyo aliyokuwa anataka kumwambia. Alisema usiku ule wa jana alikaa mpaka taa ikaisha mafuta, anasikiliza mlango.

"Mlango wa wapi?" Oduro aliuliza.

"Wa kwetu. Nakungoja."

"Mimi nilikaa barazani hapa," Oduro alisema. "Nakungoja wewe. Chakula hukuleta, nikasema sawa, labda kazi. Nikasema usiku atakuja. Kila kitambaa cheupe kilichopita njiani nilidhani ni chako."

Walitazamana. Kati yao palikuwa na ua mdogo tu, kuku wawili, na kinu, na hakuna aliyeweza kupavuka mbele ya watu wale. Dufie alitamani kumwondolea mumewe yale maranda kichwani, moja moja, bila haraka.

"Nilidhani umenichoka," alisema polepole. "Ulikuwa unaniachia kitu kwenye bakuli. Ukaacha. Linarudi limerambwa."

Oduro akakunja uso. "Nimeacha lini? Nakuachia kila siku. Hata juzi, konokono yule mkubwa."

Pokuaa akamtazama mama yake. Mama hakuwa amegeuka. Kisha wote wakamtazama Mjomba Nyarko, ambaye alikuwa anachunguza viazi vyake vikuu kwa makini makubwa.

"Nyumba hii ina paka," mjomba alisema.

"Hatuna paka," alisema Pokuaa.

"Basi wa jirani."

Hata Dufie, katika hofu yake, alisikia kicheko kikimpanda. Oduro alifunika uso kwa kiganja. Lakini Bi Konadu hakucheka. Sasa aligeuka, na Dufie akaona kwamba macho ya yule mama yalikuwa mekundu, na haukuwa moshi.

"Mnacheka," Bi Konadu alisema. "Endeleeni. Mwambie basi na lile jingine, Oduro. Mwambie kuhusu meza."

Oduro akaondoa mkono usoni.

"Meza gani?" Dufie aliuliza.

"Unafikiri sina masikio," Bi Konadu alimwambia mwanawe. "Vyumba viwili nyuma ya kanisa, umeshaongea na mwenye nyumba. Na kule kwenye karakana, chini ya turubai, kuna meza. Nimekwenda nimeiona. Meza ya watu wawili."

Dufie alimtazama mumewe, naye Oduro alitazama chini kama mvulana. Alisema alitaka kumwambia vanishi ikishakauka. Alisema usiku ule alipoulizwa aje ale, alikuwa na jibu mdomoni, ila aliogopa kulitoa kabla hajazungumza na mama, na hilo la kuzungumza na mama alikuwa analiogopa kila siku.

"Kaka zako wote walianza hivyo," Bi Konadu alisema. "Meza kwanza. Mmoja yuko Kumasi, mmoja Obuasi, wanakula mezani na wake zao. Pokuaa ana mume, akishampelekea bakuli jioni harudi upesi. Mjomba wako anafuata mchuzi ulipo. Na mimi? Mimi nitakula na nani?"

Dufie aliangalia pale jikoni na kwa mara ya kwanza aliona jinsi chungu cha yule mama kilivyokuwa kidogo. Kilikuwa chungu cha mtu mmoja na nusu. Siku zote alipoleta bakuli alikuwa analitua mlangoni, anasalimia, anaondoka mbio kwenda kula na kucheka na watu wake, na alidhani huyu mama anamnunia. Alimhurumia. Na bado alimtaka mumewe. Mambo hayo mawili yalikaa kifuani mwake kwa pamoja, na hakuna lililompisha mwenzake.

"Mama," alisema, "leo sijamwita popote. Nimekuja mimi hapa, kwako. Naomba kigoda tu."

Bi Konadu aliliangalia lile bakuli juu ya kinu, mvuke ukitoka pembeni ya kifuniko. Mjomba Nyarko alianza kusema kwamba kwa maoni yake yeye kama mkubwa wa nyumba, chakula kilichofika hakina kosa. Dada yake akamnyamazisha kwa kidole.

"Chakula hakirudishwi," Bi Konadu alisema. "Sitaki laana hiyo. Kuleni. Lakini fufu hilo likiisha, kila mtu kwao. Wewe kwa mama yako, yeye chumbani kwake. Usiku huu huji. Na kesho wajomba wa pande zote wakae waamue, kama ni vyombo kurudi au ni meza. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Mjomba Nyarko alivuta kigoda chake kuelekea kwenye bakuli. Oduro akamwambia, kwa heshima yote, kwamba leo mjomba atamsamehe. Mzee alifungua mdomo, akamkumbuka konokono, akaufunga.

Oduro aliinua kile kigoda kilichoanguka, akakipangusa kwa mkono, akakiweka mbele ya Dufie. Yeye akachuchumaa. Dufie alimmiminia maji ya kunawa. Maji yalipita juu ya lile kovu la kidole, juu ya kucha zilizojaa vumbi la mbao, na Oduro akampokea kibuyu akammiminia yeye pia. Majirani waliokuwa wamejisogeza ukutani waliguna. Mume kummiminia mke maji, wakubwa wanaona.

Kifuniko kikaondolewa.

Oduro alimega tonge, akalichovya, akalimeza. Hakulipuliza. Alifumba jicho moja, la kushoto, na kona ya mdomo wake ikapanda kidogo, kama mtu anayesikia habari njema kutoka mbali. Basi ndivyo hivyo. Ndivyo alivyokuwa kila jioni, mwaka wote huu na nusu ya ule, jicho moja limefumbwa kwa ajili ya mchuzi wake, na yeye hayupo. Dufie alisahau kula.

"Mbona huli?" Oduro alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Nakula."

"Hujagusa."

"Nakula, nimekwambia."

Akachovya. Vidole vyao vilikutana ndani ya mchuzi, vikaachana, vikakutana tena. Oduro alimsukumia konokono upande wake, Dufie akamrudishia, akamsukumia tena. Walikula hivyo mpaka nusu ya fufu ikaisha, na Dufie alipoiona ile nusu iliyobaki, akausimamisha mkono. Likiisha, kila mtu kwao. Kesho wajomba. Baada ya kesho hajui.

Alimega tonge dogo. Lililofuata likawa dogo zaidi, kama tonge la mtoto anayeota meno. Oduro aliangalia vile vidole vyake vinavyobana kipande kisichojaza hata kijiko, akamtazama usoni, akaelewa. Naye akamega kidogo, kama punje ya hindi. Akakichovya pole pole, akakizungusha kwenye mchuzi kama anakitafutia njia.

Jua liliacha mapaa. Mchuzi ukaanza kupoa na mafuta kuganda pembeni. Mjomba Nyarko aliyekuwa anahesabu kila tonge kwa macho alisema hajapata kuona watu wazima wanaokula namna hiyo, kwamba hata kuku angekuwa amemaliza.

"Hamjamaliza tu?" Bi Konadu aliuliza kutoka jikoni.

"Bado, mama," Oduro alisema.

Kisha wakasikia akiinuka, viatu vyake vikiburuta kuja. Dufie akaacha mkono wake juu ya bakuli, hakuutoa. Oduro naye akauacha wake, kando ya ule.

Bi Konadu alisimama juu yao kitambo, akiangalia ile nusu ya fufu. Giza lilikuwa limeanza kuwafuta nyuso. Aliinama, akaweka taa chini karibu na bakuli, akapandisha utambi, akarudi kukaa kwake.

Dufie akamega.